Tuige Akili ya Mwingereza, Tusiige Pipa Lake

Wahenga walinena kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Neno hili lina utamu wa pekee kwa mtu apendaye kufikiri, maana tembo ni mnyama, na tembo ni kileo vilevile. Leo twalitumia kwa maana zote mbili. Jambo tulilokusudia kuliandikia ni upikaji wa bia nyumbani kwa kufuata mapishi ya Waingereza, kazi ambayo baadhi ya vijana wetu wenye elimu na kipato wameanza kuipenda. Wananunua ndoo, wanaagiza kimea kutoka ng'ambo, wanafuata kila neno la kitabu, kisha wanashangaa kwa nini kinywaji walichokipata hakifanani na kile kilichosifiwa.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuandiki ili kuhimiza ulevi. Mlevi hahitaji makala ya gazeti. Yeye njia ya kilabuni aijua hata gizani. Twaandika kwa sababu ndani ya jambo hili dogo la pombe mmejificha jambo kubwa la taifa, nalo ni hili: mtu apokeapo ujuzi wa mgeni, apokee nini na aache nini?

Kwanza yafaa tuzijue habari za Waingereza wenyewe. Tangu mwaka 1880, wakati wa serikali ya Gladstone, sheria ya nchi yao ilimtaka mtu apikaye bia nyumbani kwake awe na leseni. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka themanini. Mwaka 1963 waziri wao wa fedha, Reginald Maudling, aliiondoa leseni hiyo kwa bia isiyouzwa, na tangu hapo raia akawa huru kupika kwa matumizi ya nyumba yake. Walakini uhuru huo uliwakuta wengi wamekwisha kusahau kazi yenyewe. Mabibi waliojua kupika walikwisha kufa, na wajukuu walijua kununua tu.

Katika miaka ileile viwanda vidogo vya bia vilikuwa vikimezwa na vikubwa, hata yakabaki makampuni sita yenye nguvu kuliko yote. Makampuni hayo yaliona taabu ya kuuza bia iliyo hai, ambayo huendelea kuchacha ndani ya pipa na humtaka mwenye baa aitunze kama mgonjwa. Wakaleta bia iliyochujwa, ikapashwa moto ili hamira ife, kisha ikasukumwa kwa gesi kutoka katika pipa la chuma. Ilikuwa rahisi kusafirisha na rahisi kuuza, lakini wanywaji wengi waliona haina ladha. Hapo ndipo unapoona ukweli wa msemo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza walianzisha kampeni ya kuitetea bia ya zamani, kampeni ambayo leo hujulikana kwa kifupi kama CAMRA. Waliyoitetea waliiita bia halisi. Maana yake ni bia iliyopikwa kwa viungo vya asili, ikamalizia kuiva ndani ya chombo kilekile inamomiminwa, wala haisukumwi kwa gesi iliyotoka nje yake. Msomaji aiweke maana hiyo moyoni, kwa kuwa tutairudia.

Wakati huohuo wapikaji wa nyumbani nao waliamka. Mwandishi mmoja kati yao, Dave Line, alitoa kitabu mwaka 1974 akifundisha kupika kutoka katika nafaka yenyewe badala ya kopo la rojo lililotengenezwa kiwandani, na mwaka 1978 akatoa kingine chenye mapishi ya kuigiza bia zinazouzwa madukani. Wasomaji wake hawakuwa na vifaa vya kiwanda. Walichemshia katika ndoo za plastiki zenye chuma cha umeme. Waliokosa hamira nzuri walinunua chupa ya Worthington White Shield, bia ya mji wa Burton ambayo iliuzwa na mashapo yake, wakayaotesha mashapo hayo katika maji matamu mpaka yakatosha kuchachusha pipa zima. Kwa ufupi, waliokuwa hodari miongoni mwao hawakuwa watumwa wa mapishi. Kila walichokosa walijiuliza kilikuwa na kazi gani, kisha wakatafuta kingine cha kuifanya kazi hiyo.

Sisi tuliopita katika shule ya makadeti twalifahamu somo hili kwa jina jingine. Mkurufunzi hufundishwa kupokea amri, lakini vilevile hufundishwa kuifahamu nia ya kamanda aliyeitoa. Daraja likivunjwa na mafuriko, afisa aliyekariri amri peke yake hukaa ukingoni akisubiri. Afisa aliyeielewa nia hutafuta kivuko kingine, akafika kwa wakati. Mapishi nayo ni amri. Mwenye kuyakariri tu atakaa ukingoni mwa mto.

Mfano wa mtu aliyevuka ni Jack McAuliffe, Mmarekani aliyekuwa fundi katika jeshi la majini la nchi yake. Alipokuwa akitumikia kituo cha Scotland katika miaka ya 1960 alijifunza kupika bia za Kiingereza nyumbani. Aliporudi kwao alianzisha, mwaka 1976, kiwanda kidogo kilichoitwa New Albion katika Sonoma, jimbo la California, akikiunga kwa vyombo vikuukuu alivyovipata. Kilifungwa mwaka 1982 kwa kukosa mtaji, lakini waliokiona walifuata nyayo zake. Wapikaji wa Marekani waliomfuata waliacha kuagiza hopsi za Kent, wakatia za kwao zenye harufu ya balungi, na matokeo yake ni kwamba leo Waingereza wenyewe huzinunua hopsi hizo za Marekani. Mwanafunzi amekuwa mwalimu.

Sasa tuyalete maneno haya nyumbani, tena kwa aibu kidogo, kwa sababu sisi wenyewe tulikaa ukingoni.

Miaka michache iliyopita tulipata mapishi ya bia ya kawaida ya Kiingereza, yenye uchungu wa wastani na kileo kisichofika asilimia nne. Hesabu yake ni nyepesi: kwa lita 23, kilo tatu na nusu mpaka nne za kimea cha shayiri, gramu 200 za kimea kilichokaushwa mpaka kikawa chekundu, gramu 50 au 60 za hopsi, maji, na hamira. Kimea huvunjwavunjwa, hulowekwa katika maji ya nyuzi 66 kwa muda wa saa moja, maji yake matamu hukamuliwa, huchemshwa pamoja na hopsi kwa saa moja au zaidi, hupozwa, kisha hutiwa hamira. Yale maji matamu, kabla ya hamira, hayana tofauti kubwa na togwa au obushera wa Kigezi.

Kimea cha shayiri kilikuwa ghali. Tukasema kwa kiburi cha mtu aliyesoma nusu ya kitabu: mtama si nafaka? Kimea cha mtama si kimea? Tukaweka kilo nne za kimea cha mtama mahali pa shayiri, tukaangalia kipimajoto kwa uaminifu wote, nyuzi 66, saa moja kamili. Tukapata uji mwembamba usio na utamu wa maana, ambao ulikataa kuchujika kwa kitambaa, kwa kichujio, na hata kwa maombi.

Jirani yetu, mama mmoja mzee kutoka Teso, alikuwa akitutazama kutoka kibarazani kwake. Alikuja akachovya kidole, akaonja.

"Mwanangu," akasema, "unga wako haujaiva."

"Lakini mama, tumeuweka katika maji moto saa nzima."

"Maji moto si moto. Sisi unga wa wimbi tunaufukia uchache, halafu tunaukaanga mpaka ubadilike rangi. Ndipo tunaweka kimea. Nani alikwambia uanze na kimea?"

Tukanyamaza, maana aliyetwambia alikuwa kitabu.

Tulipokwenda kusoma zaidi tuligundua kwamba yule mama alikuwa amesema sayansi kamili. Wanga wa shayiri hulainika katika joto la chini ya nyuzi 65, kwa hiyo vimeng'enya vya kimea huweza kuugeuza sukari katika nyuzi 66 bila taabu. Wanga wa mtama huhitaji kama nyuzi 70 au zaidi ndipo ulainike, lakini joto likipita hapo vimeng'enya huanza kuharibika. Ukifuata joto la Mwingereza, wanga hubaki mbichi. Ukilipandisha, unawaua watumishi kabla hawajaanza kazi. Dawa yake ni moja tu: wanga uive kwanza peke yake, upoe kidogo, ndipo kimea kije. Wapikaji wa ajoni hukaanga unga uliochacha, na kwa kufanya hivyo wanga wake huiva. Kisha hutia kimea cha wimbi, nacho humalizia kazi.

La kushangaza zaidi ni kwamba Waingereza nao hujua jambo hilo. Sheria yao ileile ya mwaka 1880 iliwapa wenye viwanda ruhusa ya kutumia nafaka nyingine na sukari pamoja na kimea, na mapishi yao mengi hutaja mahindi. Lakini ukisoma vizuri utaona ni mahindi yaliyopikwa kwa mvuke na kupondwa yakawa vipande bapa. Neno hilo moja ndilo lenye siri yote. Mwenye kuliruka akatia unga mbichi wa mahindi amefuata mapishi, lakini hakuyaelewa.

Tangu siku hiyo tunapika theluthi moja ya mtama na theluthi mbili za kimea cha shayiri. Mtama huwa uji kwanza, mpaka uive kabisa. Ukipoa kufikia kiasi kinachofaa, shayiri huingia. Vimeng'enya vyake vinatosha nafaka zote mbili, na maganda yake husaidia kuchuja, kwa kuwa mtama hauna ganda la kufaa kazi hiyo. Shayiri yenyewe si mgeni katika sehemu zetu. Hulimwa Kapchorwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kwa jirani zetu wa Kenya hulimwa Narok na Timau.

Viungo vingine navyo vina kesi zao. Watu hudhani hopsi ni roho ya bia ya Kiingereza tangu Adamu. La hasha. Pombe ya kale ya Uingereza haikuwa na hopsi. Ziliingia kwa wingi katika karne ya kumi na tano, zikiletwa na wafanyabiashara na wahamiaji kutoka nchi za bondeni ng'ambo ya bahari, na wako Waingereza waliozipinga kama uchafu wa kigeni. Mmea wa hopsi hutaka siku ndefu za kiangazi, na sisi tulio chini ya Ikweta tuna saa kumi na mbili za mchana mwaka mzima. Kwa hiyo hapa twakubali kuagiza, kwa sababu gramu 50 zilizokauka ni mzigo wa bahasha. Hata hivyo wataalamu wa Nigeria wamefanya utafiti juu ya mti mchungu ambao Waganda huuita mululuza, wakiuangalia kama badala ya hopsi. Yafaa vyuo vyetu vijue kwamba mti huo umeota nyuma ya madarasa yao.

Maji nayo yana tabia. Mji wa Burton ulipata sifa kwa sababu visima vyake vina jasi nyingi, nayo huukaza uchungu wa hopsi. Miji mingine ilipotaka kuiga bia ile ilijifunza kutia jasi katika maji yake. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana madini mengi. Kwa hiyo apikaye hapa Kampala atie jasi kidogo, ya kiwango cha chakula, akitaka ladha ile. Maji ya bomba yenye dawa nayo yachemshwe kwanza au yaachwe wazi usiku kucha.

Hamira ya Kiingereza hupenda nyuzi 18 mpaka 20. Chumba cha Kampala hupita hapo mchana, na chumba cha Mombasa hupita mbali. Hamira ikipata joto hufanya kazi kwa fujo, ikaacha vitu vinavyomuumiza mnywaji kichwa kesho yake. Mwingereza hakuandika habari hizo katika mapishi yake, kwa sababu tatizo lake ni baridi. Sisi tunasimamisha ndoo ndani ya beseni la maji na kuifunika gunia lililolowa, kama bibi zetu walivyopoza mtungi, na joto hushuka kwa nyuzi kadhaa bila senti ya umeme. Wale wa Kabale wana bahati; milima imewafanyia kazi hiyo.

Tena kuna chupa. Hapa tutakiri kosa la pili. Safari moja tulitia bia katika chupa kabla haijamaliza kuchacha, kwa kuwa kitabu kilisema siku saba na sisi tulihesabu siku saba. Usiku wa manane chupa zikaanza kupasuka moja baada ya moja, na mlinzi wa lindo la karibu akalala chini na kukoki bunduki. Asubuhi tulitakiwa kutoa maelezo. Sisi ambao kazi yetu ni kutoa maelezo kwa umma tulijikuta hatuna hata neno. Bia haihesabu siku. Hupimwa kwa haidromita, na kipimo kikibaki vilevile kwa siku tatu mfululizo, ndipo hutiwa chupani na sukari isiyozidi gramu 100 kwa lita 20. Afadhali kungoja wiki nzima kuliko kumtoboa mtoto jicho kwa kigae.

Sasa turudie maana ya bia halisi tuliyomwomba msomaji aiweke moyoni. Viungo vya asili. Kuiva ndani ya chombo kinamotumiwa. Bila gesi ya kutoka nje. Tazama chungu cha ajoni kilichowekwa katikati ya wazee, mirija mirefu imeingia, nacho bado kinachemka chenyewe taratibu. Kimekosa nini katika sharti hizo? Yale ambayo Waingereza walilazimika kuyafanyia kampeni mwaka 1971, baada ya kuyapoteza, mama yule wa Teso hakuyaacha hata siku moja. Tofauti ni kwamba wao waliyaandikia vitabu, wakayapima, wakayatetea mbele ya serikali yao. Sisi yetu twayaita ya kishamba, na kijana akipata mshahara huyaficha wageni wasiyaone.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Tunachopaswa kuiga kwa Mwingereza ni kipimajoto, haidromita, usafi wa vyombo na daftari la kumbukumbu. Tunachopaswa kukiacha ni imani kwamba nafaka yake, maji yake na baridi yake ndivyo vinavyoifanya bia kuwa bia. Serikali ya Nigeria ilipopiga marufuku kimea cha shayiri kutoka nje mwaka 1988, wengi walisema viwanda vitakufa. Havikufa, vilijifunza mtama na mahindi. Kwetu, kiwanda cha Nile Breweries cha Jinja kilianza mwaka 2002 kupika bia ya Eagle kwa mtama wa aina ya Epuripur, na wakulima wakapata soko. Kama kiwanda kimeweza, nyumba haiwezi kwa nini?

Lipo pia jambo la uhai. Mwezi wa Aprili 2010 watu wengi, wakikaribia themanini au zaidi, walikufa katika sehemu za Kabale kwa kunywa waragi uliochanganywa na methanoli. Msiba ule ulitokana na kunereka kwa siri na tamaa ya kuongeza ukali, wala haukutokana na chungu cha wimbi. Pombe iliyochacha tu kwa nafaka safi haina sumu ya namna ile. Lakini midomo ya watu, na mara nyingine mikono ya watekelezaji wa sheria, huzichanganya zote pamoja na kuziita pombe haramu. Mama mwenye chungu hukimbizwa sawa na mtu mwenye mtambo wa sumu. Kwa maoni yetu huo si ulinzi wa raia. Anerekaye kwa siri na ashikwe. Apikaye kwa kuchachusha afundishwe usafi na vipimo, naye awe ndiye mwalimu wa wengine. Na kila mpikaji, awe wa ndoo au wa chungu, aulize kwanza sheria ya mahali pake inasemaje, hasa kama anakusudia kuuza.

Tumekwisha kueleza ya kwetu bila kuficha aibu. Yule mama wa Teso bado yu jirani yetu. Siku hizi tukianza kupika huletewa kiti chake mapema, naye huonja kabla ya kipimajoto. Mara mbili wamepingana, yeye na kipimajoto. Mara moja kipimajoto kilikuwa sawa. Mara ya pili tulikuta betri yake imekwisha.